Watakatifu wa Mbao Ambao Hawakufika Rungwe

Tukuyu ni mji mdogo wa Wilaya ya Rungwe, kusini mwa Tanzania, lakini anayetaka kuona jinsi Wakristo walivyogawanyika kuhusu sanamu hana haja ya kwenda mbali. Panda mpaka Rungwe Misheni, kwa Wamoravian wa Jimbo la Kusini. Humo kanisani utakuta mimbari, meza, mabenchi na kuta zisizo na mtakatifu hata mmoja. Kinachojaza nafasi ni nyimbo na matarumbeta. Rudi mjini kwa Walutheri wa Dayosisi ya Konde. Juu ya altare utaona msalaba na mishumaa, labda na picha, lakini hakuna anayepiga magoti mbele ya picha hiyo. Kisha nenda kwa Wakatoliki wa Igogwe au parokia nyingine yoyote ya wilaya. Bikira Maria amesimama na joho lake la buluu, Yosefu yupo upande wa pili, na bibi mmoja amesogea mbele kuwasha mshumaa.

Wengi wetu tumekua katikati ya tofauti hizi bila kuziulizia. Tunajua nani ni nani, tunazikana, tunaozana, na kila mmoja anarudi kwake Jumapili. Lakini ukizifuatilia tofauti hizo hadi zilikoanzia, unafika mahali pamoja: Ulaya ya miaka ya 1400 na mwanzo wa 1500, mbele ya sanamu ya mtakatifu iliyochongwa kwa mbao, ikapakwa rangi na dhahabu. Kwa sababu ya sanamu hizo watu wa huko walihubiriana, wakafungana, na wakati mwingine wakauana. Majibu matatu waliyoyafikia ndiyo yaliyopanda milima hii baadaye, na kila jibu likajengewa kanisa lake.

Nimezisoma habari za sanamu hizo kwa muda mrefu, na ninaamini mtu wa Rungwe hawezi kuzielewa kuta za kanisa lake bila kujua sanamu hizo zilitengenezwaje. Zilikuwa kazi ya mikono ya hali ya juu kabisa, na waliozivunja walijua wanavunja nini.

Kusini mwa Ujerumani mafundi walipenda mti ambao wenyewe huuita Linde. Mbao yake ni nyeupe, laini, na nyuzi zake zimetulia, hivyo patasi hupita bila kung'oa vibanzi. Kaskazini, pamoja na nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji, walichonga mwaloni, ambao ni mgumu zaidi. Sanamu iliyokusudiwa kusimama ndani ya altare, mahali ambapo hakuna atakayeiona kwa nyuma, ilifukuliwa mgongo wote mpaka likabaki ganda. Asiye fundi atadhani ni njia ya kubana matumizi. Fundi wa fanicha wa Tukuyu hatahitaji kuelezwa: gogo hukauka nje kabla ya ndani, na kiini kikiachwa humo, siku moja utasikia limelia na ufa umefika usoni. Kukitoa kiini kulimwokoa mtakatifu asipasuke, na pia kulipunguza uzito wa kumpandisha juu.

Mchongaji alipomaliza, katika miji mingi kanuni za vyama vya mafundi hazikumruhusu kushika brashi. Kazi ilihamia kwa mpaka rangi, na mara nyingine huyo ndiye aliyelipwa zaidi. Kwanza alichemsha ngozi za wanyama kupata gundi, akaipaka mbao yote ili isinywe rangi. Penye mafundo na maungio alibandika vitambaa vya kitani. Kisha akapaka chaki iliyokorogwa kwa gundi ileile, tabaka juu ya tabaka, akisubiri kila moja likauke kabla ya jingine, akasugua mpaka vidole visihisi tena mkwaruzo wa patasi. Mafundi wetu wanaopiga puti na msasa kabla ya rangi wanafanya kazi ya ukoo huohuo.

Palipotakiwa dhahabu alipaka udongo laini mwekundu. Dhahabu yenyewe, mara nyingi kutokana na sarafu, ilikuwa imepondwa hadi ikawa nyembamba kiasi cha kupitisha nuru, na ule wekundu wa chini ndio ulioipa joto lake. Udongo ulilowanishwa kidogo, kipande cha dhahabu kikalazwa juu yake, na kilipokaribia kukauka kikasuguliwa kwa jino la mbwa au jiwe la akiki mpaka mtu akaamini kwamba joho zima ni dhahabu nzito. Buluu ya joho la Mama Maria ilisagwa kutoka kwenye jiwe lenye shaba. Nyekundu ilitoka kwenye zebaki na kiberiti, na nyeupe kwenye risasi. Nyuso zilipakwa rangi za mafuta, wekundu wa mashavu ukayeyushwa taratibu hadi usijulikane umeanzia wapi. Wapo waliobonyeza nakshi kwenye bati jembamba na kuzibandika juu ya nguo, ili mtakatifu aonekane amevaa hariri iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu.

Hapo ndipo ninapofikiria hali ya hewa yetu. Mbao hunyonya unyevu ikavimba, ikikauka hunywea, lakini chaki iliyo juu yake haiwezi kuufuata mwendo huo. Inajitenga, inainuka, inadondoka pamoja na dhahabu yake. Ndiyo maana makumbusho ya Ulaya hujitahidi kuweka unyevu wa vyumba vyao karibu na asilimia 50 mwaka mzima. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kuna miezi ukungu hauondoki hadi saa sita mchana. Ongeza dumuzi, na utaona kwamba sanamu kama hiyo huku kwetu ingehitaji mlezi wa kudumu.

Kuna kisa cha mji mdogo wa Münnerstadt ambacho kinaonyesha rangi na dhahabu zilivyothaminiwa. Mwaka 1492 mchongaji mkubwa wa Würzburg, Tilman Riemenschneider, aliukabidhi altare ya Mtakatifu Maria Magdalena aliyoichonga bila kuipaka rangi, akiuachia uzuri wa mbao ujisemee. Leo wataalamu wanaisifu hatua hiyo. Wenyeji hawakuridhika. Miaka kama kumi na miwili baadaye walimpa kazi Veit Stoss, mchongaji aliyewahi kuwatengenezea watu wa Kraków altare kubwa kwa miaka 12, kuanzia 1477 hadi 1489. Wakati huo Stoss alikuwa ametoka kuadhibiwa Nuremberg kwa kughushi hati: mashavu yake yalichomwa kwa chuma cha moto. Mtu huyo mwenye makovu usoni ndiye aliyewapaka rangi watakatifu wa mwenzake. Waumini wa Münnerstadt walitaka mtakatifu anayefanana na mtu aliye hai, mwenye damu chini ya ngozi, na aliyeng'aa kama aliyekwisha kuingia mbinguni.

Na hiyo ndiyo nguvu iliyoleta ugomvi. Altare nyingi zilikuwa na milango. Siku za kawaida ilifungwa. Sikukuu ikifika, ilifunguliwa, na dhahabu ikatoka mbele ya watu waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za giza na moshi. Kila chama cha mafundi kilikuwa na mtakatifu wake na kilichanga kumvika. Wengine walianza kuuliza: kwa nini mti uvikwe dhahabu na maskini alale na njaa mlangoni? Na yule anayepiga magoti pale, anamwomba Mungu au anauomba mti?

Huko Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, maswali hayo yaliungana na jina la Jan Hus, kasisi na mhadhiri wa Prague aliyechomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Hus mwenyewe hakuwa mvunja sanamu. Lakini baada ya kifo chake hasira ilifurika, na kuanzia 1419 wafuasi wake wakali walivamia makanisa na monasteri, wakakata na kuchoma watakatifu wa mbao. Kikundi cha watu wapole kilichochoshwa na vita vilivyofuata kilijitenga mwaka 1457 katika kijiji cha Kunvald, kikajiita Umoja wa Ndugu. Kiliiacha silaha, lakini hakikuwarudisha watakatifu. Waliteswa, wakatawanyika, wakajificha, na mwaka 1722 mabaki yao yalipewa hifadhi katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, upande wa Saksonia, wakajenga mji wa Herrnhut. Ukumbi wao wa ibada unajulikana kwa weupe wake: kuta nyeupe, mabenchi meupe, na nuru ya dirishani.

Ukoo huo ndio wa Wamoravian, na ndiko walikotoka wamisheni Theodor Meyer na Theophil Richard, waliofika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo kuta tupu za Rungwe Misheni hazikuachwa tupu kwa sababu ya uhaba wa fedha au kwa kuwa fundi hakupatikana. Ni msimamo uliokuwa na zaidi ya miaka 450 ulipofika hapa, na ulikuwa umelipiwa kwa damu.

Wamisheni hao hawakukuta Unyakyusa sanamu za kuvunja. Wanyakyusa, wenyeji wa huku, walimjua Kyala, jina ambalo leo ni la Mungu, walimheshimu Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, na ibada zao zilifanyika kwenye vichaka vya miti mitakatifu, kwenye makaburi ya machifu na ndani ya nyumba za ukoo. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ibada hizo. Kinachotajwa kuwa kitakatifu katika maandiko yake ni mahali, mti, chakula, neno la mzee. Sanaa ilikuwepo, tena nyingi. Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti aliyepita mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji na nyumba za mianzi zilizopambwa kwa udongo. Vyungu vya Wakisi vilipanda kutoka ziwani hadi sokoni kama vinavyopanda leo. Lakini hakuna aliyemchonga Kyala. Nadhani jambo hili halijapewa uzito unaostahili tunapoeleza kwa nini Umoravian ulishika mizizi upesi katika wilaya hii. Watu waliozoea kuomba bila sanamu walikutana na watu ambao mababu zao walifukuzwa kwao kwa imani iliyokataa sanamu.

Isidhaniwe kwamba Wamoravian walichukia picha. Mwaka 1747 mchoraji wao, Johann Valentin Haidt, alichora picha kubwa ya malimbuko: waumini wa kwanza kutoka mataifa waliyoyafikia, Waafrika wakiwemo, wamemzunguka Kristo. Utume wao ulikuwa umeanza 1732 miongoni mwa watumwa wa kisiwa cha Mtakatifu Thomas huko Karibi, na Haidt aliwachora Weusi hao kama watu waliokwisha kuingia mbinguni kabla ya wafalme wengi wa Ulaya. Ningependa picha hiyo ijulikane Rungwe kuliko inavyojulikana.

Walutheri walifika kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa 1522, Martin Luther akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt aliwachochea watu wa Wittenberg kuondoa sanamu makanisani. Luther alirudi mwezi Machi, akapanda mimbarini siku nane mfululizo, akawatuliza. Kwake sanamu haikuwa dhambi wala wokovu. Tatizo lilikuwa moyo wa anayeitazama, na moyo hausafishwi kwa shoka. Wengine hawakumsikiliza. Zürich iliondoa sanamu zake mwaka 1524, na mwaka 1566 nchi za Uholanzi zilipata wimbi la uvunjaji lililofagia makanisa mengi ndani ya majuma machache. Lakini palipokuwa na Walutheri, watakatifu wengi walinusurika. Nuremberg ilijiunga na Luther mwaka 1525, na bado katika kanisa la Mtakatifu Lorenz linaning'inia kundi la malaika na Maria alilolichonga Veit Stoss miaka michache kabla, 1517 hadi 1518. Hawakulichoma. Kwa muda mrefu walilifunika tu kitambaa.

Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin, waliofika huku Konde mwaka uleule wa 1891 na kuanzisha vituo kama Manow na Mwakaleli, walikuwa watoto wa jibu hili la katikati. Ukiona picha ya Yesu ukutani kwa Walutheri wa Tukuyu na hakuna anayeigusa wala kuiwashia mshumaa, unaiona Wittenberg ya Machi 1522.

Wakatoliki walichelewa. Ni katika miaka ya 1930 ambapo mapadri wa Shirika la White Fathers walijipanga rasmi upande huu, na eneo lao la utume likapewa jina la Tukuyu kabla ya makao kuhamia Mbeya. Wao walileta watakatifu. Ila ukichunguza nyingi kati ya sanamu tunazoziona katika makanisa yetu ya Kikatoliki, utakuta ni plasta au faiba iliyomiminwa kwenye kalibu, uso uleule mmoja ukarudiwa mara elfu. Sizidharau, kwa kuwa nimeona watu wakilia mbele yake na machozi yao ni ya kweli. Lakini si kitu kimoja na kile cha Riemenschneider. Yule alichonga Maria mmoja kwa ajili ya mji mmoja, na wenyeji walimjua kwa uso.

Mfano mwingine haupo mbali. Ukifuata Ziwa Nyasa hadi upande wa kusini, ndani ya Malawi, kuna misheni ya Mua. Mwaka 1976 padri mmoja Mkanada wa White Fathers, Claude Boucher, alianzisha hapo kituo cha Kungoni, ambako vijana wa vijijini walifundishwa kuchonga. Kristo na mitume wao wana nyuso na mikao ya Wachewa, na mbao ni za kwao. Tunatumia ziwa moja. Sioni kwa nini parokia za Rungwe ziendelee kuagiza plasta.

Sasa nifike kwa mtakatifu aliyenifanya niandike makala hii. Jina lake ni Mauritius. Kwetu limebaki katika akina Moris. Simulizi linasema alikuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebes, Misri, akauawa pamoja na askari wake mwishoni mwa karne ya tatu huko Agaunum, Uswisi ya leo, kwa kukataa amri iliyokinzana na imani yao. Otto wa Kwanza, mfalme wa Wajerumani aliyekuja kuwa kaisari, alimfanya msimamizi wa Magdeburg. Na katika kanisa kuu la mji huo, kati ya 1240 na 1250, mchongaji asiyejulikana jina alimchonga kwa jiwe, amevaa vazi la chuma la shujaa, na akampa uso wa Mwafrika mweusi bila kuficha chochote. Pua, midomo, rangi ya ngozi, vyote. Si mtumwa wala kichekesho; ni shujaa anayelinda mji wa Wajerumani.

Baada ya sanamu hiyo, kwa takribani miaka 300, Mauritius mweusi alichongwa na kuchorwa mara nyingi Ujerumani, Bohemia na pwani ya Baltiki, akiwa na joho la rangi na vazi la chuma lililopakwa fedha au dhahabu. Chama cha wafanyabiashara wa Riga na Tallinn kilichoitwa Vichwa Vyeusi kilimfanya msimamizi wake. Pamoja naye, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1400, mmoja wa mamajusi watatu akawa Mwafrika katika altare nyingi. Kundi moja la mamajusi hao, la mbao iliyopakwa rangi na dhahabu, lililotoka monasteri ya Lichtenthal huko Baden-Baden na lililotengenezwa kabla ya 1489, sasa liko New York katika makumbusho ya Metropolitan.

Wajerumani walikaa Berlin kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kugawana bara letu, na miaka sita baadaye watu wao walikuwa Rungwe. Babu zao walikuwa wamepiga magoti mbele ya Mwafrika aliyevaa dhahabu. Habari hiyo haikusimuliwa huku. Inaniuma, kwa sababu kijana wa Kinyakyusa aliyefundishwa kwamba utakatifu ulikuja na ngozi nyeupe alinyimwa ushahidi uliokuwepo kwenye altare za walimu wake wenyewe.

Berlin yenyewe ilianza kuyaunganisha mambo haya juzijuzi tu. Mwaka 2017 makumbusho ya Bode yalifungua maonyesho yaliyoweka sanamu za Afrika kando ya watakatifu wa Ulaya. Sanamu ya Mangaaka kutoka Kongo, iliyojaa misumari iliyopigwa kwa viapo na maombi ya watu, ilisimamishwa kando ya Maria wa Ravensburg wa mnamo 1480, anayehesabiwa kuwa kazi ya Michel Erhart; Maria huyo amelikunjua joho lake na kuwafunika watu wadogo wanaokimbilia chini yake. Vyote viwili vilikuwa mbao, na vyote viliombwa ulinzi. Kimoja kiliitwa sanaa takatifu, kingine kwa miaka mingi kiliitwa uchawi.

Siwaombi Wamoravian waweke sanamu. Kuta zao zina historia yake na ninaiheshimu. Ombi langu ni kwa wanaopanga ziara za urafiki kati ya makanisa yetu na yale ya Ujerumani. Pangeni siku moja ya Magdeburg, na nyingine ya Bode. Na katika msafara wekeni mafundi seremala wawili au watatu wa Tukuyu, si wachungaji na wanakwaya peke yao. Msitu wa Mlima Rungwe umehifadhiwa, na ni haki uhifadhiwe, kwa kuwa tumbili adimu aitwaye kipunji anaishi humo. Kwa hiyo mafundi hao watahitaji kujifunza ni mti gani wa kupandwa unaokubali patasi namna ya Linde, gundi ya ngozi inapikwaje ili isioze kwenye unyevu wa kwetu, na mgongo ufukuliwe gogo likiwa bichi au likiwa limekauka. Wakirudi na majibu, parokia ya kwanza itakayowaagiza Moris wao inaweza kumpata kabla ya mwaka kwisha.